Kichwa Usikiguse

Phnom Penh, 20 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika, na pale ulipoandika "nakuja" nimepasoma mara tatu ndo nikaamini. Nilijitayarisha kukubembeleza miezi sita. Rofiah nilipomwambia kuwa mama anakuja kumwona kabla ya posa, alikaa chini, akasema sasa ndo anaogopa kweli.

Umesema nisikutumie maneno kwa simu kwa sababu mdogo wangu Rawya huyaweka kwenye spika na nyumba nzima ikasikia. Haya, nimenunua karatasi na bahasha. Soma haya kabla hujafunga sanduku.

Uje Januari. Mvua itakuwa imekatika na jua lina huruma kidogo. Ukija Aprili, hata sisi wa Maskati tunasalimu amri. Pasi yako iwe na miezi sita mbele. Dola zako ziwe safi, maana noti yenye mchaniko wa ukucha hawaipokei. Maji kunywa ya chupa, hata ya kusukutulia. Ukivuka barabara usikimbie wala usisimame ghafla. Nenda taratibu tu, pikipiki zitakuzunguka. Kuna kitoweo chao cha samaki wa kuvundikwa, kinaitwa prahok, kinanuka kuliko maleh yetu ya samaki wa chumvi. Usizibe pua mbele ya watu.

Kwa watu, viatu huvuliwa ngazini. Njoo na makubadhi ya kuchomeka mguu, usije na vile viatu vyako vya mikanda, utakaa ngazini unafungua na kufunga. Ukikaa mkekani ikunje miguu upande, nyayo zisimwelekee mtu. Kuamkiana ni viganja viwili pamoja mbele ya kifua na kuinama kidogo. Kitu utoe na upokee kwa mikono miwili. Ukiwapa zawadi hawaifungui mbele yako, usidhani wameidharau. Shela yako nyeupe iwache, huku nyeupe ni ya msiba. Watawa wao waliovaa rangi ya chungwa, mwanamke hawagusi. Na mtu akikukera, usipandishe sauti. Anayekasirika huku ndiye anayeaibika.

Na kichwa. Kichwa cha mtu huku ni kitu kitukufu, hakiguswi, na cha mtoto ndo zaidi. Najua wewe ukiona mtoto mkono unakwenda wenyewe, ushamshika utosini, ushamsomea, ushampulizia. Mama, huku usifanye. Wakija watoto wa jirani, hapana. Mtoto yeyote wa humo ndani, hapana. Hata akikusogelea mwenyewe, mkono wako uweke mapajani.

Nyumbani kwao wapo wawili tu. Rofiah ni Mcham, Muislamu kama sisi. Anakaa na bibi mmoja mtu mzima, Mkhmer wa dini ya Kibudha, watu wote wanamwita Yeay, maana yake ndiyo hiyo hiyo, bibi. Yeye ndiye mwenye neno katika nyumba ile.

Mwanao,
Loay


Al Khoudh, 9 Novemba 2024

Loay mwanangu,

Wa alaykumu ssalam. Sisi wazima, ila mguu wangu wa kulia bado unavimba jioni. Kwa hivyo viatu vya mikanda nakuja navyo, daktari kasema vinanishika kifundo, na hao wakwe zako watanisubiri.

Ati wanifundisha kuvua viatu mlangoni! Mimi, niliyekufukuza na kandambili mpaka kwa jirani kwa kuingia sebuleni na viatu vya mpira? Na mikono miwili nilikufundisha mimi. Zawadi yangu ni halwa, nitaibeba mapajani ndani ya ndege, na halwa huliwa ina moto. Wakiiweka pembeni ikaganda, kosa si langu. Kuhusu kukasirika, nitajitahidi, lakini sikuahidi.

Sasa tuje kwenye kichwa. Nimeisoma barua yako na miwani na bila ya miwani. Maji umeyapa mstari mmoja. Pasi mstari mmoja. Vichwa vya watoto umevirejea na kuvirejea kama mtu anayegonga mlango. Nyumba ina watu wazima wawili, umeniambia mwenyewe. Sasa huyo mtoto wa humo ndani, atakayenisogelea mwenyewe, katokea wapi?

Mimi nimekuzaa. Siku uliyovunja mdila wa kahawa wa babu yako Ghanim, ulinijia ukaniambia nisiingie jikoni, mna paka. Nyumba yetu haijawahi kufuga paka.

Mtoto wa nani, Loay?

Mama yako,
Masouda


Phnom Penh, 27 Novemba 2024

Mama,

Ni wa Rofiah. Anaitwa Nary, ana miaka mitano. Baba yake alikuwa Mkhmer, alisilimu ili amuoe Rofiah, na alikufa kwa ajali ya pikipiki Nary akiwa hajatimiza mwaka. Yeay ni mama yake marehemu. Alibaki na dini yake, wao wakabaki na yao, na hawakuwachana. Ndo hiyo nyumba ninayokupeleka.

Sikukwambia kwa sababu ya harusi ya Alaa. Ulikaa baina ya mashoga zako Kheiria na Nasriya, mie nikiwapitishia kahawa, ukasema mwanamme asiyewahi kuoa akienda kuchukua mwanamke na mtoto mkononi basi kala makombo ya watu. Mkacheka. Nikasema moyoni, khabari yangu mimi mama yangu hatoijua mpaka afike aone kwa macho. Ni makosa. Nilitaka umpende kwanza mtoto, kisha ndo usikie.

Sasa uijue yote. Yeay haniwekei kizuizi cha dini wala cha kabila. Kanambia neno moja tu, na Rofiah alinifasiria huku analia. Kasema: "Nitamtazama mama yako anavyomtazama mtoto." Akiona baridi, Nary hatoki kwake, na Rofiah hawezi kumwacha Nary, na mimi siwezi kumwomba amwache. Basi itakuwa imekwisha.

Ukiamua usije, nitafahamu. Nitabaki mwanao.

Loay


Al Khoudh, 22 Disemba 2024

Mwanangu,

Najua siku zimepita. Niliandika barua mbili nikazichana, moja ya ukali na moja ya uongo. Hii ni ya tatu na naiandika huku Rawya kenda chuoni na mlango nimeukomea.

Yale maneno ya harusi ya Alaa niliyasema. Siyakatai. Sasa nikwambie niliyatoa wapi.

Babu yako Ghanim si baba yangu wa kunizaa. Pasi yangu imeandikwa bint Jaifar, na ulipokuwa skuli ukaniuliza nikakwambia Jaifar ndo jina la vitabuni na Ghanim la nyumbani, mtu mmoja. Ukaniamini. Jaifar alifia Unguja. Mama alinileta Maskati nna miaka sita, mjane na mtoto mkononi, akaolewa na Ghanim pale Matrah, mwanamme ambaye hajawahi kuoa. Neno hilo la makombo lilikuwa la majirani zetu. Walilisema mlangoni wakidhani mtoto hafahamu. Nilipokua nikajifunza kulisema mimi kwanza, kabla hajalisema mwengine, ili mtu asije akanitazama akajua. Hata Kheiria, shoga yangu wa miaka thalathini, hajui. Nilimtukana mama yangu mwenyewe ili nionekane mtu wa asili. Astaghfirullah, nimeona haya kuliandika na nimeona haya zaidi kulifikiria.

Siku tuliyoingia kwa Ghanim nilisimama nyuma ya mama, nimekamata buibui lake. Nyumba imejaa wanawake wa kwao wananikagua. Yeye akaja moja kwa moja, akampita mama, akaniwekea mkono hapa utosini, akanisomea Alhamdu mpaka mwisho na akanipulizia. Wale wanawake wakainuka wakaanza kupakua chakula. Tangu siku ile sijawa mtoto wa kambo wa mtu. Ndo maana mkono wangu huenda wenyewe, Loay. Mimi sijui njia nyengine ya kumwambia mtoto kuwa huyu ni wetu.

Basi nakuja, tarehe 17 Januari, peke yangu, Rawya ana mitihani. Lakini sasa wewe ndo nifundishe. Mtoto ambaye kichwa chake hakiguswi, nimpokee vipi? Muulize huyo bibi. Nijibu kwa karatasi, jambo hili sitaki lipite kwenye spika. Nisipopata jibu nitafuata ulivyoniambia mwanzo, mkono mapajani, na Mungu atajua nia yangu.

Naomba babu yako umpende kama ulivyompenda jana.

Mama yako,
Masouda


Phnom Penh, 8 Januari 2025

Mama,

Babu Ghanim nampenda zaidi ya jana. Nilikaa na barua yako uwanjani, Rofiah akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyezaliwa.

Nilimwendea Yeay mwenyewe. Nilimweleza yote, la Matrah, la Alhamdu, la kupuliza. Alikuwa anamenya vitunguu thaumu. Alimaliza kikapu kizima. Kisha akasema mkono wa namna hiyo si kugusa kichwa, ni kukivisha kitu. Karuhusu, mama. Wewe tu, mwengine hapana.

Na mimi nimemtayarisha Nary asije akashtuka. Kila siku baada ya maghribi tunafanya mazoezi. Namwambia bibi wa Maskati atakuja, atakuwekea mkono hapa, atasemasema, kisha pfuu. Anataka nimwonyeshe mara kumi. Kisha na yeye anamfanyia mwanasesere wake, mkono kichwani, midomo inasemasema, pfuu. Kajitungia mwenyewe Alhamdu ya Kikhmer, sijui ndani mna nini. Kashasema siku utakazokuwepo ataosha nywele kila asubuhi atie mafuta ya nazi, ili mkono wa bibi usichafuke.

Usijibu. Barua hii naikimbiza posta leo leo. Njoo tu.

Loay


Phnom Penh, 1 Februari 2025

Mama,

Umefika salama, Rawya kanambia. Alhamdulillah.

Siku tisa ulizokaa hapa nilikuwa na neno moja mdomoni na sikulitoa. Sasa umeshaondoka naona kuandika ni wepesi.

Ulikuja. Ulikaa vizuri mkekani na mguu wako unauma. Hata prahok ulionja, Yeay hajawahi kuona mgeni akiionja bila kulia machozi. Halwa waliiweka pembeni ukatabasamu. Kila mtu alisema huyu mama kafundika. Na Nary hukumgusa hata siku moja.

Asubuhi ya kwanza alikuja mbele yako nywele zinatona maji, akainamisha kichwa akasubiri. Ukaunganisha viganja ukamwamkia. Siku ya pili tena. Siku ya tatu akasogea mpaka magoti yake yakagusa mkeka wako, na nikaiona mikono yako ukiikamata, mmoja umeushika mwengine. Nilitoka nje. Nilidhani umebadili nia, kwamba ulipomwona kwa macho ikawa nzito kuliko kwenye karatasi. Sikukuuliza kwa sababu nililiogopa jibu.

Yeay kasema mama yako ana adabu sana. Hakuongeza kitu, na huku mtu akikusifia adabu peke yake, kesha kukuhukumu. Rofiah anasema tungoje. Hasemi tungoje nini. Nary kamuuliza mama yake kama nywele zake zilikuwa zinanuka.

Sikulaumu, mama. Nimekwambia kabla, nitabaki mwanao. Lakini ningependa uniambie wewe mwenyewe, nisiwe nakisia.

Loay


Al Khoudh, 16 Februari 2025

Loay, mwanangu, roho yangu,

Jana Rawya kapita posta kafungua sanduku, kaja na barua zako mbili kwa pamoja. Ya tarehe 8 Januari na ya tarehe 1 Februari. Ile ya kwanza mie nilipanda ndege haijafika. Wewe uliikimbiza posta, posta yenyewe haikukimbia.

Nimezisoma zote mbili nimesimama, kisha nikakaa sakafuni pale pale.

Mimi sikujibiwa, ndivyo nilivyojua. Nilifika uwanja wa ndege nikakutazama usoni nikingoja uliseme. Hukulisema. Nikajua Yeay kakataa na wewe unaona haya kunambia. Nikasema basi, Masouda, wewe ni mgeni, fuata ya wenyeji. Nikafuata. Hiyo mikono uliyoiona nimeikamata, nilikuwa naizuia, baba! Mtoto ananiinamia, nywele zinanukia nazi, na mie najiumauma midomo. Nilidhani ndo adabu yao kuwaamkia wakubwa. Usiku nilikuwa naisoma Alhamdu nikiipuliza kwenye ukuta, upande alikolala.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikumwambia mtu.

Siku ya kuondoka, wewe umekwenda barabarani kuita tuktuk. Rofiah na Yeay wamo ndani wananifungia chakula cha njiani. Mimi nimekaa kidato cha chini cha ngazi, nimeinama, nahangaika na mikanda ya viatu, vile vile ulivyonikataza. Nikasikia miguu mitupu inashuka. Sikugeuka, nilikuwa natafuta tundu la mkanda. Mara nikahisi kiganja utosini. Kidogo, kina joto, kimekaa juu ya mtandio wangu. Akasemasema maneno yake, marefu, hakuruka hata moja. Kisha akanipulizia, pfuu, na vimate juu.

Loay, tangu Ghanim afariki hakuna mtu aliyewahi kuniwekea mkono kichwani. Miaka kumi na moja. Nilibaki nimeinama vile vile, mkanda mkononi, machozi yananidondokea kwenye kiatu.

Sikugeuka kumkumbatia. Niliogopa. Wewe ulinambia kichwa huku ni kitu kitukufu, nikahisabu mwenyewe: ikiwa cha mtoto hakiguswi, basi mtoto kumgusa mtu mzima si atachapwa? Nikasema nikipiga kelele, nikalia, Yeay atatoka atauliza, na mtoto ataadhibiwa kwa wema wake. Basi nikafunga kiatu changu, nikajipangusa, na wewe ukaja na tuktuk na uso wako umefunga kama duka siku ya Ijumaa. Nilidhani umechoka.

Wiki tatu nzima hapa najiuliza mtoto wa Phnom Penh jambo la Matrah kajifunza wapi. Jana ndo nikapata jibu, limekaa kwenye sanduku la posta.

Basi mwambie Yeay hivi, na umfasirie neno kwa neno, usinitilie maua: adabu yangu ilikuwa ni woga. Mwambie na mimi nililetwa nyumba ya watu nimekamata nguo ya mama yangu. Mwambie Nary kanitangulia. Nimefunga safari kwenda kumpokea, na yeye ndiye aliyenipokea.

Rawya kashanikatia tiketi, nafika Jumamosi hii, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Safari hii nna makubadhi. Nikivua ngazini nakwenda moja kwa moja mpaka kwa mtoto, nawapita nyote, wewe na mchumba wako na hata bibi mwenye neno, mtanisamehe. Mwambie Nary asiamke mapema kuosha nywele. Zikinuka jua, zikinuka vitunguu thaumu, mimi nazitaka hivyo hivyo.

Na karatasi hii siipeleki posta. Nimemwita Rawya aipige picha akutumie sasa hivi. Kaniuliza, mama, niitume kwa Loay tu au niiweke kwenye kundi la familia, maana nakuona umeandika habari za babu. Nimemwambia aiweke kwenye kundi, na kwa Kheiria pia, na kama kuna asiyejua kusoma, amsomee kwenye spika.

Mama yako, na bibi yake Nary,
Masouda